Kikombe cha Pili cha Kasereka

Mumbere,

Sitakuandikia habari za sweta na vidonge vya malaria. Sweta iko juu kabisa ndani ya valizi, utaiona. Una miaka kumi na tisa. Kama mupaka leo hujui kufua soksi zako, basi nimeshindwa na nimekubali.

Ninakuandikia juu ya ile chupa.

Ulitoka hapa saa tisa, ukasema unaenda kuaga wenzako wa kuimba koro kule parokia. Nikasema acha nimupangie huyu mutoto nguo vizuri, maana yeye anapanga kama mutu anayejaza makala ya kupikia ndani ya gunia. Ndani ya kiatu cha kushoto nikakuta soksi, ndani ya soksi nikakuta chupa ndogo ya plastiki, ile ya dawa ya kikohozi, imefungwa na kamba nyekundu. Nikaifungua. Nikanusa. Nikakaa kwenye kitanda chako.

Umeniambia kesho unapanda boti ya asubuhi, unaenda Bukavu kwa shangazi yako kuanza masomo. Niliamini. Nilijivuna soko nzima, hata yule mama anayeuza samaki za sambaza pembeni yangu amechoka kusikia jina lako. Lakini mutu anayeenda masomo Bukavu habebi kitu hiki. Mutu anayebeba kitu hiki anapita njia ya Kanyaruchinya, anapanda kule kunakosikika mabomu tangu siku ya yenga tulipotoka misa. Na ninajua aliyekupatia ni rafiki yako Dieumerci. Wiki mbili sasa anaingia hapa kwetu, anakula wali wangu, na kunitazama machoni hawezi.

Barua hii nimeizungusha kwenye chupa, nimeifunga na kamba ile ile, nimerudisha vyote ndani ya soksi. Sikumwaga. Usizani sikutaka. Nilisimama kwenye mulango wa choo, kizibo mukono mumoja, chupa mukono mwingine, mupaka jirani akaniuliza kama niko mugonjwa. Nitakuambia juu ya nini sikumwaga. Lakini kwanza soma haya mengine, na usiruke.

Harufu hii ninaijua kwa sababu kitu hiki nilikitwanga mimi mwenyewe.

Unakumbuka namna mulivyonicheka hapa Murara, wewe na majirani, kwamba mama Mumbere ni muvivu, hana kinu, majani yake ya sombe ananunua yamekwisha kutwangwa. Nikawaacha mucheke. Kinu hakiingii nyumbani mwangu. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na mbili sikushika mchi tena, na leo ni mara ya kwanza ninasema juu ya nini.

Tulikaa milimani, upande wa Lubero. Baba yangu alikuwa amekufa mwaka mumoja mbele ya vita, homa tu, siku tatu. Tulibaki mama, kaka yangu mukubwa, yaya Kasereka, aliyekuwa na miaka kumi na nane, na mimi. Vita ilipokaribia, vijana wa kijiji walijikusanya kutulinda, na Kasereka akaenda nao. Sitakuambia walikuwa wajinga. Kijiji cha chini yetu kilikuwa kimechomwa, tulikuwa tunaona moshi.

Ndipo akaja munganga. Usimuwaze mutu wa kutisha. Alikuwa muzee mufupi, mupole, mwenye kikohozi, anayeomba ruhusa hata kukaa kwenye kiti. Alisema ana dawa ya kuwafunga vijana mwili, masasi ya bunduki yawe maji. Lakini dawa ile haiguswi na mwanamuke aliyekwisha kuona mwezi wake. Inatwangwa na kutolewa na musichana ambaye hajafika huko. Wakatafuta katika nyumba zote. Wakanikuta mimi. Mama yangu hakulala siku ile, lakini asubuhi alinivalisha rinda la misa. Kumbe mutu anaweza kuogopa na kujivuna kwa moyo ule ule mumoja.

Ilikuwa majani na mbegu za lile ua refu jeupe linaloinama kwenye ua wa watu, lile ambalo nilikuchapa siku ulipolichuma ukiwa mudogo. Ulisema nimekuonea. Ndiyo, nilikuonea, kwa sababu fimbo ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Na kulikuwa na masharti. Aliyekunywa asimushike mwanamuke mukono. Asipite chini ya kamba ya nguo. Asile kitu cha kuiba. Akishika sharti, anarudi muzima. Akivunja, shauri lake.

Angalia vizuri namna neno lile limefungwa, Mumbere, maana Dieumerci amekwisha kukufunga nalo. Ukirudi, ni dawa. Usiporudi, ni wewe. Dawa yenyewe haikosi hata siku moja.

Sasa uniulize inafanya nini, maana Dieumerci hakukueleza, na kama alikueleza amekudanganya. Mudomo unakauka mupaka ulimi unagonga kama ubao. Mwili unawaka moto, moyo unakimbia. Jicho linafunguka, ile nyeusi ya katikati inakula jicho lote. Kisha unaanza kuona. Mimi nilijilamba vidole siku moja, kwa ujinga wa mutoto, na vidole vilinitosha. Nilimuona baba amekaa kwenye jiko anachonga mpini wa jembe. Tukaongea. Akaniuliza mbuzi wamekula, nikamujibu wamekula. Mama anasema niliongea na ukuta mupaka jua likatua, tena kwa heshima. Siku tatu zilizofuata sikuweza kusoma kitabu, mistari ilikuwa inakimbiana.

Lakini sikiliza hii, ndiyo kubwa. Mutu aliyekunywa pombe ya kasiksi anajua amekunywa. Anayumba, anacheka, anasema leo nimelewa. Mimi sikujua kwamba ninaona kitu kisichokuwepo. Baba alikuwa pale. Kama ungeniambia hayupo, ningekuhurumia wewe. Ile kitu haikupi nguvu, wala haikupi moyo wa ushujaa kama wanavyoimba. Inakunyang'anya yule mutu mudogo wa ndani anayesema ngoja, angalia tena. Anaondoka, na hakuagi.

Wengi walikunywa, wakapigana, wakarudi. Hilo ndilo lililotuponza sote. Waliporudi walilala siku mbili wakikamata nzi wasiokuwepo, na hawakukumbuka kitu, basi sisi tuliokuwa nyumbani ndio tuliowaambia walikuwa mashujaa. Waliamini kwa sababu hawakuwa na habari ingine.

Siku ya Kasereka ilikuwa siku ya soko, na soko halikukaa. Vijana walipanga mustari muchana, mimi na chungu changu mbele, kila mutu kikombe kimoja. Munganga alikuwa amesema kimoja tu, kisipunguzwe, kisiongezwe. Akawa ameenda kuombea njia. Kasereka alikuwa wa mwisho. Akakunywa, akanirudishia kikombe, lakini hakuondoka. Akainama karibu ya sikio langu.

"Kavi," akasema, "mimi ninaogopa."

Yaya wangu, yule aliyenibeba mugongoni kuvuka muto, hakuwahi kuniambia neno lile. Nikaangalia ndani ya chungu. Chini kulikuwa kumebaki, nzito, pamoja na mbegu. Nikawaza: kama kimoja kinamulinda mutu, viwili vitamulinda zaidi. Nikamujazia.

"Kunywa hii," nikasema. "Ya kwako peke yako."

Akanicheka kidogo, akakunywa yote, akafuta mudomo na mukono wake wa shati. Nilijisikia nimefanya kitu kizuri kuliko vyote vya maisha yangu. Ninakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo inayonitesa mupaka leo. Nilimuua kwa mapendo.

Mwenzake aliyelala karibu yake kwenye shamba la viazi ndiye alitueleza. Alisema masasi yalikuwa yanapita chini chini, wote wamelala tumbo. Kasereka akainua kichwa, akaangalia mbele, akaanza kutabasamu. Akasema, "Baba huyu." Akasimama wima. Akalaza bunduki yake chini polepole, maana mutoto wa kwetu hamusalimii baba yake na kitu mukononi. Akanyoosha mikono yote mbili, akaenda anainama, anasalimia. Hakufika mbali.

Woga wake ulikuwa na akili kuliko sisi wote. Ungemulaza chini kwenye viazi mupaka giza. Mimi niliuzimisha kwa kikombe.

Sasa ningependa barua iishie hapo, lakini haiishii, kuna mbaya zaidi.

Munganga alirudi, akaita watu wote kwenye kiwanja cha kanisa. Hakuwa na hasira. Akakohoa, akauliza: "Kasereka alivunja sharti gani?" Hakuuliza kama alivunja. Aliuliza gani. Watu wakaanza kutazamana. Mutu mumoja akasema labda alimushika musichana. Mwingine akasema hapana, yule kijana ni wa heshima. Kisha munganga akanigeukia mimi, juu mimi ndiye niliyemupatia kikombe. "Mutoto, wewe uliona kitu?"

Nilikuwa na kikombe cha pili kooni. Ningesema, wangejua nimekosa kipimo. Nilimuona mama yangu amesimama, leso imefungwa kiunoni, anangoja niseme hapana, yaya wangu hakufanya kitu. Nikasema, "Alikula kuku ya mama Kahindo."

Sijui ilitoka wapi. Mama Kahindo alikuwa jirani wa juu, na kuku zake zilikuwa zinatembea mbele ya macho yangu wakati ule ule, labda ni hivyo tu. Watu wote wakashusha pumzi. Nilisikia ile pumzi. Walikuwa wamepata njia ya kuendelea kukunywa.

Aliyevunja sharti haliliwi. Kasereka alizikwa siku ile ile pembeni ya shamba, bila matanga, bila moto wa usiku, mama yangu amekatazwa kutoa sauti. Alijiziba mudomo na leso yake. Juma lililofuata vijana wengine saba walipanga mustari, na mimi niliwajazia vikombe, kimoja kimoja, kipimo sawasawa.

Nilimuambia padiri, miaka mingi nyuma, kwenye kitubio hapa Goma. Alinisamehe kwa dakika tano, akanipa rozari moja. Nikasali nusu, nikashindwa kumaliza, kwa sababu mutu wa kuombwa musamaha alikuwa nyumbani anachambua maharagwe.

Wewe ulimujua mama yangu, tate wako, akiwa muzee, mwenye kunyamaza. Nadhani unakumbuka ile safari ya kuku. Ulikuwa na miaka saba au nane. Tate alisikia sokoni kwamba mama Kahindo amekimbia vita, yuko Kanyaruchinya kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya shita la plastiki. Hakulala. Kesho yake alinunua kuku mwekundu, akakubebesha wewe, tukaenda sisi watatu kwa muguu. Ulimubeba kama mutoto muchanga, ukampa jina, ukalia kumuacha. Ulizani unalia juu ya kuku tu.

Tate alipiga magoti kwenye mawe yale meusi, muzee kama yule. Akasema, "Mama Kahindo, nimekuja kurudisha kuku ambayo mutoto wangu alikuibia, ile wakati ya vita. Umusamehe apumzike."

Mama Kahindo akaangalia kuku, akaangalia tate, akaniangalia mimi. Akasema, "Mama, mimi sikupoteza kuku."

"Unasema hivyo kwa huruma," tate akajibu.

"Sikupoteza hata moja. Nilikuwa nazihesabu kila jioni, nilikuwa na sita, na tulikimbia na sita."

Nilikuwa nimesimama pale. Mulango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, wazi kabisa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikasema, "Mama, twende, mvua inakuja." Tate akaacha kuku akaondoka akiamini mama Kahindo ni mutu muzuri sana. Miezi minne ilipopita alikufa, na ameenda kule akizani mutoto wake alikuwa mwizi. Mwizi wa kuku, Mumbere. Kasereka, ambaye hata muwa wa jirani hakuvunja.

Ile siku ninairudia kila siku. Kikombe nilikuwa mutoto. Kuku ya kwanza nilikuwa mutoto. Lakini pale Kanyaruchinya nilikuwa mwanamuke mukubwa mwenye akili zangu, na sikukunywa kitu.

Basi ndiyo juu ya nini sikumwaga. Nikimwaga, Dieumerci atakupatia ingine, na utaikunywa bila kusoma haya. Nikawaza pia kubadilisha, niweke chai baridi, rangi ni moja, usingejua. Kisha nikakuwaza umesimama wima mbele ya bunduki na tumbo la chai, unaamini masasi ni maji. Ningekuwa nimerudi mbele ya chungu, ninajaza kikombe na kunyamaza. Nimekwisha nyamaza sana. Kitu kilicho ndani ya chupa ni kile kile. Sasa unajua kitu unachobeba. Kasereka hakuna mutu aliyemuambia.

Hasira yako ninaijua. Ninajua namna ulivyonyamaza siku tulipopeleka nguo kambini ukakuta mwalimu wako wa zamani amepanga foleni ya maji na bido yake. Sikuambii vita haikuhusu, wala sikuambii wale wanaopanda kule ni wapumbavu. Mimi si mutu wa mahubiri, mahubiri nimewaachia wenye kazi yao. Ninakuambia kitu kimoja tu: mutu akikuomba uende kufa, na mbele ya kwenda anakuomba kwanza uzimishe macho yako, uliza yeye anaogopa uone nini. Na kama unaogopa, Mumbere, na ninajua unaogopa, juu nimekuta rozari ya tate ndani ya kiatu cha kulia, usiruhusu mutu yeyote akuondolee woga ule. Hata kama mutu mwenyewe anakupenda. Zaidi kama anakupenda.

Utarudi sasa hivi, utaniambia koro imekuaga vizuri, nitakuuliza umekula, tutakula. Sitakuuliza kitu. Ninaogopa nikianza kuongea nitapiga kelele, na kelele zangu masikio yako yamekwisha kuzizoea. Karatasi haipigi kelele.

Kesho asubuhi valizi nitaibeba mimi, mupaka bandarini. Nitasimama pale mupaka boti ifungue kamba, hata ikikawia, hata mvua ikinyesha. Shangazi yako anajua unakuja, amekwisha tandika kitanda. Ukija na mikono mitupu, hatutaongea juu ya chupa, utaniaga kama mutoto anavyoaga mama yake, na mimi nitalia kama wamama wengine wanavyolia pale, kilio cha kawaida.

Usipokuja, nitarudi nyumbani na valizi, na nitaanza kungoja. Siku moja watapiga hodi. Dieumerci atakuwa nao, kama yeye amepona. Watakaa kwenye viti vyetu vya plastiki, watashusha sauti, na mumoja atauliza: mama, mutoto wako alivunja sharti gani? Swali lile ninalijua. Nililijibu mara moja, na jibu langu lilimuzika yaya wangu kama mbwa.

Safari hii jibu ninalo tayari. Hakuvunja kitu. Nitalisema pale mbele yao, nitalisema barabarani, nitalisema kanisani, nitapiga kilio Murara nzima isikie, na mutu wa kuniziba mudomo hajazaliwa. Mumbere hakuvunja kitu.

Lakini sitaki kuulizwa, mwanangu. Sitaki waniulize.

Mama yako,
Kavira